Liboke Kutoka Banalia

Kisangani, Makiso, tarehe 4 mwezi wa sita 2024

Mama Félicité, mama ya Hugues,

Nakusalimia kwa heshima yote. Ni mimi Micheline, binti ya papa Arthur, yule mwenye salon ya kusuka nywele hapa Makiso, karibu na bandari. Hugues alikuambia habari zangu mbele ya kupanda baleinière, ile mashua kubwa, kushuka Kinshasa na mizigo. Aliniambia pia kwamba wewe, mama, bado hujasema ndiyo juu ya ndoa yetu. Sikukasirika. Hata mimi, mutoto wangu akiniletea mutu nisiyemujua, nitamuangalia kwanza.

Sikupigi simu kwa sababu Hugues anasema unapenda neno la kuandikwa, na network ya kwenu inakatika. Niko na ombi, na naomba usinicheke. Mu salon yangu niko na aquarium, sanduku ya vioo yenye mayi, na ndani yake samaki madogo ya kijito, yale yenye mukia nyekundu. Wateja wanayaangalia wakati nawasuka, wanasahau hata saa. Lakini samaki hawa wana tabia mbaya kabisa: wanataga mayai, kisha wanageuka kuyala! Sijaona hata mutoto moja. Wanahitaji mahali pa kuficha. Hugues anasema nyuma ya nyumba yako, pale kwenye kijito unapochota mayi, mawe yamevaa kitu laini cha kijani, kifupi kama nywele zilizoanza kuota. Kwa kifaransa tunaita mousse. Hapa mjini nimetafuta, nimepata tu ukoga wa mifereji, na unanuka.

Kama haitakuchokesha, mama, unitumie kidogo kwa Sadrack, yule motard wa pikipiki wa njia ya Banalia. Ifungwe na kitu kilicholowa, ikikauka inakufa. Nakutumia sukari, chumvi na sabuni, mkono mtupu haulambwi.

Mimi, Micheline


Banalia, tarehe 9 mwezi wa sita

Micheline,

Sukari nimepata, chumvi nimepata, sabuni pia. Asante. Na juu ya simu ulifanya vizuri, mutu anapiga tu "allô, allô" mpaka habari inaisha.

Bon. Barua yako nimesoma mara mbili, kisha nikamusomea jirani yangu Orpha. Tulikaa chini. Batu ya Kisangani wakituandikia wanaomba nyama ya pori, wanaomba ndizi, wanaomba mihogo. Wewe unaomba nywele ya mawe! Na samaki unalisha, huwali! Mimi nilizaliwa Yanonge, baba yangu alikuwa muvuvi, kwetu samaki akiingia ku nyumba anaingia mu nyungu. Orpha akaniuliza: "Huyu atamupikia Hugues nini?"

Lakini siwezi kumunyima mutu kitu ambacho Mungu anapanda bure. Nimeingia mu mayi na nguo yangu, nimebandua taratibu na kucha. Sasa sikiliza, juu bila hivyo utaiua. Hii kitu haipendi jua. Inakaa upande wa jiwe wenye kivuli, pale mayi inaanguka na kutoa povu. Mayi ikisimama na ikipata joto, inaoza. Usiisugue, usiipige sabuni, usiifanyie bidii ya mutu wa muji. Iache.

Nimeifunga liboke, mu majani ya ngongo na mayi kidogo ndani, kamba juu. Barua hii nimemuambia Sadrack akupatie wewe mu mukono, asipatie mutu mwingine, juu maneno ya mwisho ni ya sisi wawili tu. Ndiyo sijasema, na hapana sijasema. Hugues ni mutoto moja, Mungu hakunipa wa pili. Akirudi mwezi wa nane nitasema mbele yake. Mbele ya hapo ninakuangalia.

Félicité, mama ya Hugues


Kisangani, tarehe 13 mwezi wa sita

Kwa Madame Félicité, bokilo wetu, yaani mkwe wetu mtarajiwa, Banalia

Madame,

Mimi Arthur, baba mzazi wa Micheline, mstaafu wa bandari, nina heshima kubwa na furaha isiyo kifani kukujulisha kwamba liboke yako imefika salama. Jana mchana motard alikuta salon ya binti yangu imefungwa, akaileta hapa nyumbani ikitiririka maji, akasema neno moja tu: "Inatoka kwa mama ya Hugues." Kisha akakimbia, mvua ilikuwa inakuja.

Madame, nilisimama! Liboke ya kwanza kutoka kwa bokilo! Desturi tunaijua na tunaiheshimu: liboke ya bokilo hailali, na haiulizwi ni kitu gani. Nikaagiza watu waitwe. Alikuja ndugu yangu Hubert, alikuja dada yangu Chantal. Mke wangu Élise aliipika palepale kwa mafuta ya mawese, vitunguu na pilipili ya kutosha, tukaila pamoja na lituma, ndizi za kupondwa.

Nafurahi kukuarifu kwamba tumeimaliza yote. Kuhusu ladha, naweza kusema ni ladha ambayo sijakutana nayo popote katika maisha yangu. Ni mboga ya kutafuna, inampa mtu muda wa kufikiri. Mchanga ulikuwa wa kiasi tu. Hubert, ambaye kwa kawaida ni mlalamishi mezani, hakutamka neno tangu mwanzo hadi mwisho, na baadaye alikunywa maji mengi. Chantal ameomba kujua mboga hii inatoka msimu gani, ili ajipange.

Kwa niaba ya familia nzima, pokea shukrani zetu. Nyumba iliyokula chakula chako ni nyumba yako.

Arthur


Kisangani, tarehe 13 mwezi wa sita

Mama Félicité,

Sadrack anawasha pikipiki, naandika nimesimama. Barua yako amenipa mukononi leo asubuhi, vile ulimuagiza. Papa naye amemupa bahasha, salamu tu nafikiri, anapenda kuandika.

Mousse imefika. Ilipofika kwangu ilikuwa imebaki kidogo, shungi moja tu, lakini ni nzuri, mama, nzuri! Nimeifunga juu ya jiwe la mutoni kwa uzi mweusi wa kusukia nywele, ule mwembamba, nikazungusha taratibu bila kukaza. Mayi ya robinet, ya bomba, naiacha ilale kwenye ndoo mbele ya kuitia. Aquarium nimeihamisha kutoka dirishani, iko nyuma ya mulango penye kivuli, na taa ndogo ya batri naiwasha muda mufupi. Ikizidi mwanga, ukoga unakuja kuikaba. Na nimetia pampu ndogo ili mayi itembee, isifikiri imehama mbali.

Kama siku nyingine utapita pale kijitoni, hata kidogo kingine nitashukuru. Lakini safari ijayo, tafadhali, Sadrack alete yote salon.

Micheline


Banalia, tarehe 19 mwezi wa sita

Micheline,

Barua mbili, mufuko moja, motard moja. Nimeziweka hapa mezani, kila moja ku upande wake.

Baba yako anasema mumekula. Wewe unasema iko mu mayi, imefungwa na uzi. Baba yako anasema yote imeisha, na pilipili. Wewe unasema "imebaki kidogo." Ilibaki kidogo namna gani? Nani aliipunguza? Orpha anacheka mpaka anashika tumbo, lakini mimi sikucheka. Nilikaa nikafikiri hivi: kama ni kweli walikula, basi mutoto anaficha. Kama si kweli, basi baba anadanganya. Na mimi nataka kujua Hugues wangu anaingia mu nyumba gani.

Njia ya mwongo ni fupi, Micheline. Mutu anaficha kidogo kwa bokilo wake mwezi wa sita, mwaka ujao anaficha kubwa. Niandikie vile ilipita, yote. Kisha nitaamua, sitangoja mwezi wa nane.

Félicité


Kisangani, tarehe 24 mwezi wa sita

Mama,

Ni kweli. Walikula.

Siku ile nilikuwa nimeenda kumusuka bibi arusi kwake Mangobo, njo maana salon ilikuwa imefungwa. Nilirudi jioni. Nikafungua mulango, nikakuta tonton Hubert, tantine Chantal, mama na papa, wote wamekaa mezani kama batu walio kwenye misa. Papa alivaa koti yake ya kazi. Akaniambia: "Micheline, tumepokea liboke ya bokilo, na tumeipa heshima yake." Niliangalia sahani. Mama yangu wee, niliona nywele ya mawe kwenye ndevu ya tonton Hubert!

Nilikimbia jikoni. Majani ya ngongo yalikuwa chini karibu na makaa. Nikayafungua moja moja, na mu jani la ndani kabisa kulikuwa kumeshika shungi moja ya kijani, ndogo, haikuona moto. Nikaiosha na mayi baridi. Nililia kidogo, kisha nikacheka, nikaziba mudomo na kitambaa ili wasinisikie.

Sikukuambia kwa sababu ya papa. Alikuwa na furaha namna hiyo, mama. Tangu aache kazi ya bandari hakuna mutu anayemuita kwa jambo kubwa. Siku ile alisimama, alihutubia, alikuwa baba wa bibi arusi. Nikifikiria asikie kwamba alilisha ndugu zake uchafu wa samaki wangu, nakosa nguvu. Angejifungia chumbani.

Sasa unajua. Naomba kitu moja tu. Kama utasema hapana, useme kwangu mimi, kwamba nilificha, kwamba hunitaki. Nitalia lakini nitaelewa. Usimuambie papa alikula nini.

Shungi inaendelea. Kwenye ncha kumetoka kijani kipya, chepesi kuliko cha zamani, na uzi umeanza kufichika. Kila asubuhi mbele ya kufagia naenda kuiangalia kwanza.

Micheline


Kisangani, tarehe 1 mwezi wa saba

Madame Félicité,

Ukimya wako umenikosesha raha, na nimeona ni vema nikuandikie kama mtu mzima kwa mtu mzima, bila maua mengi.

Madame, mimi si mjinga. Nimekaa bandarini maisha yangu yote, nimeona magunia ya kila mboga inayoliwa kwenye mto huu. Nilipotia tonge la kwanza mdomoni nilijua kwamba kitu kile si mboga. Kilikuwa kinashika meno jinsi kilivyoshika mawe. Hubert aliniangalia, nami nikamuangalia. Lakini nilijiuliza: labda kule Banalia wanakila. Na kama hawakili, huyu mama ameingia majini kwa mikono yake, amefunga vizuri, amemlipa motard, ameleta nyumbani kwangu. Nani mimi nifungue kinywa na kusema chakula chako si chakula? Basi nikatafuna. Wengine walipoona natafuna, wakatafuna.

Wiki iliyopita nilipita salon ya Micheline. Nikaona jiwe ndani ya vioo, limefungwa kwa uzi wa nywele, na juu yake kile kitu. Ndipo nikaelewa yote. Nilisimama pale nikijifanya naangalia samaki. Mtoto wangu alisimama mbele ya jiwe ili nisilione! Anafikiri ananilinda, na mimi naona haya kumwambia kwamba nimeona. Tafadhali usimwambie.

Kama umepanga kukataa ndoa hii, kataa kwa sababu nyingine yoyote, lakini isiwe kwa sababu ya meza yangu. Huyu binti ni mwema.

Hubert anauliza, kwa upole, kama mboga ile ina madhara yoyote.

Arthur


Kisangani, tarehe 6 mwezi wa saba

Mama Félicité,

Najua hujanijibu, na labda sistahili jibu. Lakini furaha hii siwezi kukaa nayo peke yangu, na mutu wa kwanza niliyetaka kumuambia ni wewe.

Wamezaliwa!

Leo asubuhi nilikuwa nakata ncha za mousse na makasi madogo, juu imeanza kujaa na ile ya chini inakosa mwanga. Ncha ninazokata nazifunga kwenye jiwe la pili. Basi nikapitisha makasi, na kitu kikaruka ndani. Nikafikiri ni uchafu. Uchafu ukageuka, ukaniangalia! Macho mawili na mukia, basi, hakuna kingine, mwanga unapita mu mwili wao. Nimeangalia tena: wako wengi, wamejificha mu nywele ya mawe, wakubwa wanapita karibu wanatafuta na hawawaoni. Nimepiga kelele. Muteja aliyekuwa na kichwa nusu kimesukwa alisimama, akaja, akapiga kelele naye. Wauza mikate wa nje wakaingia. Tumesahau kazi.

Papa alikuja pia. Nikataka kusimama mbele ya jiwe, lakini alinisogeza taratibu, akainama, akakaa pale muda murefu. Akasema: "Mboga gani nzuri hii." Kisha akaenda zake. Sijui alitaka kusema nini, nimeogopa kumuuliza.

Mama, hata ukisema hapana, nataka ujue kwamba kitu ulichobandua kwa kucha zako kimefanya kazi yake.

Micheline


Banalia, tarehe 11 mwezi wa saba

Micheline,

Nimekawia juu kila nikianza kuandika nacheka, Bic ya kuandikia inaanguka.

Barua ya baba yako nimeipata. Hiyo ni ya mimi na yeye, usiulize. Mwambie tu nimesema "Sawa, papa Arthur, nimesikia." Na mwambie tonton Hubert kwamba hatakufa, hiyo kitu hata mbuzi wanaramba ku mawe na wananenepa.

Sasa sikiliza jambo ambalo hata Hugues sijamuambia. Nilipoolewa nilitoka Yanonge na liboke ya samaki, samaki ya baba yangu, nilifunga mimi mwenyewe. Mama ya bwana yangu aliifungua mbele ya batu yote. Alinusa. Kisha akaita bata. Bata walikula samaki ya baba yangu pale uwanjani, na mimi nimesimama na nguo yangu ya arusi, naangalia. Nimezeeka na ile kitu. Na tangu Hugues aanze kusema jina lako, kila siku nilikuwa naona meza moja ku Kisangani, batu ya muji wamevaa vizuri, wanafungua kitu changu na kunusa. Njo maana sikusema ndiyo. Haikuwa juu yako, mutoto. Ni ile meza niliogopa.

Na ninyi mumekula mawe! Na mafuta ya mawese! Na baba yako na koti, na Hubert na ndevu! Micheline, nilipomaliza kusoma nililia, nikacheka, nikalia tena, Orpha akaja mbio na mwiko wake akifikiri kuna kilio. Nikamuambia hakuna mutu aliyekufa. Nikamuambia nimepata batu.

Kwa hiyo ndiyo. Nasema ndiyo leo, na Hugues akirudi atakuta mambo imeisha, atakubaliana nasi.

Sadrack iko na liboke mbili. Ile ya kamba nyekundu ni ngolo, samaki munene, na pilipili kidogo: hiyo ni ya sufuria, na kichwa ni ya Hubert, mutu asimunyanganye. Ile ya kamba nyeusi ni ya mayi yako. Nimemuambia Sadrack arudie maneno hayo mbele yangu mpaka alikasirika.

Mimi mwenyewe nakuja nyuma yake, mbele ya wiki kuisha, sitangoja siku ya mahari. Nataka kuona hao batoto ya samaki wasiokuwa na mwili. Na kuna kitu kingine. Tangu baba ya Hugues afe nimefunga kitambaa. Nywele nakata mwenyewe, hakuna mutu amegusa kichwa changu, hata Orpha. Sasa nimeacha iote. Nyeupe ni mingi, usishangae. Nitakaa ku kiti yako, nitafungua kitambaa, na wewe utanisuka vile unavyotaka. Uanze polepole, juu kichwa changu kimesahau mikono ya mutu.

Mama yako,
Félicité